Jasho la Mtu wa Pili

Kila asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, kinusio kilimnusa Mzee Mihayo.

Kilikuwa kidude kidogo tu, ukubwa wa kisahani cha sabuni, kimebandikwa ukutani juu ya kitanda. Usoni kilikuwa na vitundu vingi kama chujio la chai. Ikifika saa kumi na mbili na nusu, vitundu vile hufunguka vyenyewe, kikavuta hewa ya chumba, fyuu, kama mtu aliyesikia harufu ya pilau kwa jirani, halafu kikanyamaza kwa hesabu ya kumi. Ndani ya hewa ile mna jasho la mtu aliyelala, na ndani ya jasho mna habari zake zote: amekula nini, amelala vipi, dawa yake imefika wapi mwilini. Zamani watu walitobolewa vidole, au walipewa kikopo waende nacho chooni huku nesi anasubiri mlangoni. Siku hizi, Tabora nzima, mwenye maradhi ya kudumu ananuswa tu, tena hata kuamka haamki.

"Habari ya asubuhi, mteja," kinusio kilisema, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio. "Jasho limesomwa. Tafadhali taja maumivu yako ya leo, kuanzia moja hadi kumi."

"Tatu," alijibu Mihayo, kama alivyojibu jana na juzi.

Mkewe Kalunde, aliyekuwa mlangoni na birika mkononi, alifurahi moyoni. Tatu si haba kwa mtu aliyeanguka kutoka kwenye mnara wa kunasa umande, ghorofa ya nne, akatua kwa mgongo. Mihayo alikuwa fundi wa minara ile, mirefu iliyosimama pembezoni mwa mji na nyavu zake za fedha, inayokamua maji kutoka kwenye hewa ya alfajiri. Ni miaka sita sasa tangu aanguke. Mifupa iliunga, maumivu hayakuondoka.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, siku ya kiraka. Chini ya kinusio palikuwa na kasha la chuma, na kila Jumamosi kasha lile hujifungua na kutoa kiraka kimoja, chembamba kama ngozi ya kitunguu, kipana kama stempu ya posta. Hubandikwa mgongoni kikakaa wiki nzima. Ndani yake mna tumbo dogo la dawa, na chini ya tumbo mna vinyweleo vya kutengenezwa, maelfu kwa maelfu, visivyoonekana kwa macho. Joto la mwili huvifungua kidogo kidogo, dawa ikapenya chembe kwa chembe mpaka Ijumaa. Kalunde alisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini kitu chochote chenye siri ndani yake kilimvuta. Si mara moja alikishika kiraka mbele ya taa avione hivyo vinyweleo. Hakuviona, wala hakukata tamaa.

Leo kasha halikufunguka.

"Dawa imesitishwa," kinusio kilisema. "Sababu ya kwanza: jasho halilingani na matumizi sahihi. Sababu ya pili: dawa imenuswa kwa mtu wa pili."

Mihayo aliinua kichwa kwenye mto. "Mtu wa pili yupi?"

"Sheria ya siri inanikataza kumtaja, mteja."

"Baba Limi," Kalunde alisema, birika limemwinamia mkononi mpaka chai inamwagika, "humu ndani tuko wangapi?"

"Wawili."

"Na mimi hata panadol sinywi."

"Ndiyo maana nauliza."

Kabla ya saa nne, Daktari Eliapenda alipiga simu. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa wagonjwa wote wa viraka katika mkoa, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho ya kukosa usingizi. Sura yake ilijaa kwenye kioo cha simu. Aliwaeleza taratibu bila kuzunguka. Uamuzi haukuwa wake, ulikuwa wa Mlinganishi, ile akili unde inayochukua jasho la kila mgonjwa na kulilinganisha na la mamilioni ya wengine. Kwa Mihayo ilikuwa imeona jambo moja, wiki baada ya wiki: siku tatu za mwanzo dawa imejaa kupita kiasi, siku nne za mwisho hakuna dawa kabisa. Hivyo ndivyo linavyokuwa jasho la mtu anayekibandika kiraka, anajistarehesha, kisha anakibandua na kumpa mwingine.

"Na tena, mzee," daktari alisema, "siku zile ambazo mwili hauna dawa hata chembe, wewe unasema maumivu ni tatu. Sasa Mlinganishi inauliza, huyu mtu dawa anaitakia nini?"

Mihayo alimtupia mkewe jicho.

"Wallahi sijampa mtu," alisema.

"Una haki ya kukata rufaa. Itasikilizwa baada ya siku tisa. Ukishindwa, jina lako litaandikwa kwenye orodha ya wagawaji wa dawa, na kiraka hutakipata tena popote nchini." Daktari akageuza macho. "Mama, niwie radhi, lazima niulize. Mtu wa pili si wewe?"

Kalunde alihisi amemwagiwa maji ya baridi. "Mwanangu, mimi nimwibie mume wangu dawa? Mgongo wake naujua kuliko ninavyoijua sura yangu. Kila siku alasiri namkanda mimi, kwa mikono hii."

"Nauliza tu, mama. Maana mtunzaji akionekana anatumia dawa ya mgonjwa, sheria inamtoa. Mgonjwa anahamishiwa Nyumba ya Uangalizi, anatunzwa na roboti."

Habari haikukaa ndani. Mchana, Kalunde akianika nguo uani, kichwa cha Bi Chausiku kilichomoza juu ya ukuta. Chausiku alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema lolote na alikuwa haachi ruhusa hiyo ilale bure.

"Mtumwa wangu wee! Nasikia mzee kaleta mke mdogo, mpaka ukuta umemnusa!"

"Potelea mbali. Nenda kacheze ngoma huko."

"Nitacheza harusi ikifika. Mgongo mbovu, lakini kumbe mambo yanakwenda!"

"Anayekwenda ni mimi, nakuja kukutia kidole cha jicho."

Chausiku alicheka, kisha akashusha sauti. "Lakini kweli, Kalunde. Huyo mtu wa pili ni nani?"

Kalunde alibana nguo nyingine kwenye kamba. Swali lilikuwa limekwisha kumwingia, nalo lilimsumbua kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Mihayo haongopi. Kidude nacho hakina cha kupata kwa kuongopa. Wote wawili wanasema kweli, na kweli zao zinagongana. Basi kuna kitu cha tatu, hakijaonekana.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Bila kiraka, Mihayo aligeuka rangi ya majivu. Kutoka kitandani mpaka kwenye mkeka wa barazani alikwenda kwa vituo vitatu, kila kituo ameshika ukuta. Kalunde alimkanda mara mbili kwa siku badala ya moja. Alichemsha maji na majani ya mkaratusi mpaka mvuke ukajaa chumba, akachovya kile kitambaa kinene alichokitenga kwa kazi hiyo tu, akakikamua, akamwekea mgongoni kikiwa kinachoma, akakandamiza kwa viganja vyote viwili, kutoka chini kupanda juu, mafuta ya ufuta yakiteleza katikati ya vidole. Huku anamsimulia: nani kaoa, nani kagombana na mkwewe, ndege isiyo na rubani ya nani imeangukia kwenye banda la kuku la nani. Ndivyo alivyofanya miaka yote sita.

"Imepungua?" angeuliza.

"Imepungua sana, Mama Limi. Mikono yako ni dawa."

Na asubuhi, kinusio kikiuliza, Mihayo alimtazama mkewe mlangoni, akasema, "Nne." Basi Kalunde akashukuru kwamba imezidi moja tu.

Siku ya tatu Kalunde mwenyewe aliugua. Alipiga miayo kutwa nzima, pua ikamtiririka, mwili ukamsisimka vipele vya baridi wakati jua linawaka. Magoti yake, ambayo yalikuwa hayajamuuma kwa miaka, yakaanza tena. Hasira nazo. Alimfokea kuku.

Alikwenda duka la dawa. Akapimwa malaria, hana. Akapimwa tena, hana.

"Utakuwa uchovu," alisema Chausiku, safari hii hakuwa juu ya ukuta, alikuwa amemletea uji. "Nyinyi Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu, na huu wa mzee umekulemea. Lakini nyinyi viroja. Mzee kakosa dawa Jumamosi, wewe Jumanne unaumwa. Mnaumwa kwa zamu moja kama mapacha!"

Alisema kwa mzaha. Kalunde aliweka bakuli chini.

"Umesemaje?"

"Nimesema kunywa uji."

"Hapana, kabla ya hapo."

Chausiku alipoondoka, Kalunde alikwenda chumbani, akasimama mbele ya kinusio. Mihayo alikuwa barazani.

"Wewe," alisema, "dawa mmeisitisha. Pua nayo mmeisitisha?"

"Huduma ya kunusa inaendelea, mteja."

"Nikikuletea kitu, utaniambia kama kina dawa ya mzee?"

"Kuuliza kunaruhusiwa, mteja."

Akaanza. Alileta chupa ya mafuta ya ufuta, akaifungua chini ya vitundu. Fyuu. "Hakuna dawa." Akaleta blanketi. "Hakuna dawa." Akaleta kikombe anachonywea mumewe. "Hakuna dawa." Majani ya mkaratusi, fulana, mto, sahani. Hakuna, hakuna. Alikuwa ameanza kusahau kwamba anaumwa. Alikwenda na kurudi kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, anapangusa kidogo kidogo, hapa haipo, hapa haipo.

Akaleta kitambaa cha kukandia. Kilikuwa kikavu, kimetundikwa kwenye msumari tangu asubuhi. Hakuwa anakifua kwa sabuni, alikisuuza tu, maana sabuni ilimwasha mzee ngozi.

Fyuu. Kimya cha hesabu ya kumi.

"Dawa ipo."

Kalunde alikaa kitandani. Kisha akainuka, akanyoosha viganja vyake mbele ya vile vitundu, kama mtu anayeomba dua.

"Dawa ipo. Kiasi kidogo. Sheria ya siri inanikataza kumtaja mwenye mikono hii."

"Anajitaja mwenyewe," alisema Kalunde.

Akatafuta karatasi ya maelezo iliyokuja na viraka vya kwanza. Aliikuta chini ya godoro, imekunjwa mara nane. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, lakini palikuwa na picha, na picha hiyo aliikumbuka. Mtu amekaa ndani ya pipa kubwa la maji ya moto, povu mpaka shingoni, na mstari mwekundu umempita kifuani. Waliitazama wote wawili miaka mitano iliyopita, wakacheka. "Hilo pipa sisi hatuna," Mihayo alikuwa amesema, na hapo wakaikunja. Nesi aliwaambia wakibandike panapouma, wakakibandika panapouma. Na panapouma ndipo panapokandwa.

Kumbe vile vinyweleo vilitengenezwa vya kufunguka kwa joto la mwili tu. Yeye alivipelekea mvuke. Kila Jumamosi, kila Jumapili, kila Jumatatu, vikafunguka kama milango ya sokoni, dawa ya wiki nzima ikamwagika kwa siku tatu: nyingine mwilini mwa mumewe, nyingine kwenye kitambaa, nyingine kwenye viganja vyake vilivyolainishwa na mafuta. Ndiyo maana magoti yake hayakumuuma miaka yote hiyo. Ndiyo maana sasa anaumwa.

Alimweleza Mihayo barazani. Alidhani atafurahi. Mihayo alisikiliza mpaka mwisho, akatazama mkeka.

"Usiwaambie," alisema.

"Kwa nini nisiwaambie? Si ndiyo ushahidi wenyewe!"

"Watakutoa humu ndani. Umemsikia daktari. Mimi nipelekwe kugeuzwageuzwa na roboti kama chapati? Iache rufaa, Mama Limi. Nitavumilia. Si unanikanda?"

"Jina lako liandikwe kwamba unagawa dawa?"

"Liandikwe."

Kalunde alimwangalia. Mihayo aliyewahi kugombana na mkandarasi mzima kwa sababu ya bolti moja iliyolegea, leo anasema liandikwe. Palikuwa na kitu hapo pia, lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa, hakukiona.

"Tutakwenda," alisema.

Siku ya tisa walipanda bajaji isiyo na dereva mpaka Jengo la Viraka. Chumba cha rufaa kilikuwa na meza moja, viti vitatu, na ukuta mmoja mpana wa mwanga. Mlinganishi haikuwa na uso wala mwili, ilikuwa sauti na ule ukuta. Daktari Eliapenda aliwakaribisha, akamwekea Mihayo mto mgongoni.

"Mwanangu," Kalunde alianza kabla hajaulizwa, "hiyo mashine inaweza kuchora dawa ya mzee nikaiona kwa macho?"

Ukuta ukachora mstari. Kalunde hakuhitaji kusoma neno. Mlima, shimo. Mlima, shimo. Wiki baada ya wiki, kama matuta ya viazi.

"Sasa nipeleke masika iliyopita. Shangazi yangu alifariki Urambo, nikaenda msibani. Mvua ilinyesha siku ya tatu ya matanga, tukahamisha jamvi. Nilikaa kule siku tisa, mafua yakanishika, nikadhani ni ile mvua."

Ukuta ukatafuta. Mstari ukapita kwenye milima yake, kisha ghafla ukanyooka. Siku tisa, umetulia kama uzi uliovutwa. Halafu milima ikarudi.

Daktari alisogeza kiti. "Mlinganishi, katika siku tisa hizo, mtu wa pili alinuswa?"

"Mtu wa pili hakuwepo," sauti ilijibu.

"Mama," daktari alisema polepole, "unaelewa ulichokithibitisha?"

"Naelewa. Mtu wa pili ni mimi." Akafungua kikapu, akatoa kitambaa, karatasi ya maelezo na chupa ya mafuta, akavipanga mezani kama muuzaji wa sokoni. "Dawa sijaila, daktari. Nimeipangusa. Niletee maji ya moto na kiraka kipya, nikuonyeshe."

Waliletewa. Maabara ilikuwa na kipande cha ngozi bandia cha kujaribia viraka. Kalunde alipandisha mikono ya gauni, akachovya, akakamua, akakandamiza. Ukutani mstari mpya ulianza kupanda tangu kitambaa kilipogusa. Akakanda mara ya pili. Mstari ukagonga dari.

Daktari Eliapenda alisimama kitini. Kisha akachukua ile karatasi, akatazama mtu wa kwenye pipa, akaanza kucheka, mkono mdomoni. "Viwanda vyote vile," alisema. "Wamewaza mabomba ya kuogea, wamewaza jua la ufukweni. Hakuna aliyewaza kukanda. Mama yangu mzazi kule Same alikuwa anatukanda."

"Mlinganishi," daktari aliuliza, "tuhuma ya kugawa dawa?"

"Imefutwa. Tuhuma ya mtunzaji imefutwa, aliingiwa na dawa bila kujua." Sauti ikaendelea. "Limebaki jambo moja. Katika siku tisa dawa ikiwa sahihi, mgonjwa alitaja maumivu nane, nane, tisa, nane, nane, tisa, nane, nane, nane. Katika siku ambazo hana dawa ila anakandwa, alitaja tatu. Sababu haijulikani."

Kalunde alihisi uso wake unawaka kwa furaha. Alijaribu kuizuia, haikuzuilika. "Sababu mimi naijua," alisema, akainua viganja vyake. "Ni hii hapa. Miaka sita ananiambia mikono yangu ni dawa, nilidhani ananisifu tu."

"Imeeleweka," sauti ilisema. "Kwa hesabu hii, kukandwa kunamfaa mgonjwa kuliko kiraka. Pendekezo: kiraka kisitishwe moja kwa moja. Mgonjwa aendelee kukandwa."

Daktari alichukua kalamu ya mwanga. "Sijawahi kuona kitu kama hiki," alisema, naye ametabasamu. "Mzee, unakubali?"

Mihayo alikuwa ameshika kingo za kiti kwa nguvu.

"Baba Limi, unaulizwa."

"Nimesikia."

"Basi sema ndiyo, twende nyumbani."

"Mama Limi," alisema, bila kumtazama, "uliponikuta barazani nikakwambia tuiache rufaa, si kwa ajili ya roboti tu."

"Kwa ajili ya nini?"

"Nilijua watafika kwenye namba."

Kalunde alimgeukia.

"Ile tatu," Kalunde aliuliza, "haikuwa tatu?"

"Haikuwa."

"Ilikuwa ngapi?"

"Nane. Siku nyingine tisa. Wewe ulipokwenda Urambo, mlangoni hapakuwa na mtu, nikasema kweli. Uliporudi ulisimama pale na birika, unasikiliza. Nikasema tatu, ukafurahi. Kesho yake nikashindwa kusema nne."

"Na kabla ya Urambo?"

"Hivyo hivyo. Tangu mwaka wa kwanza."

Kalunde alivitazama viganja vyake vilivyokuwa bado juu, akavishusha taratibu mapajani. Miaka sita ya maji ya moto. Alitaka kukasirika, akaitafuta hasira, hata ile ya kumfokea kuku hakuiona.

"Kwa hiyo nilikuwa nakuumiza?"

"Wakati mwingine. Ukifika pale kwenye kovu." Sasa Mihayo alimtazama. "Lakini saa ile ndiyo niliyokuwa naisubiri tangu asubuhi. Usije ukaninyima saa hiyo. Maumivu hayakuondoka, ila na mimi sikuondoka. Nilikuwa nasikiliza habari za kuku za watu."

Daktari Eliapenda aliweka kalamu mezani. Aliufuta ukuta, akasema kwa sauti ya kazi, labda ili wapate pa kujificha: "Miaka mitano nimekuwa nakupa kiraka kidogo kuliko vyote, mzee, kwa sababu unasema tatu. Ulikuwa na haki ya kikubwa mara tatu yake." Akatoa amri moja moja. Kiraka kipya, cha kifuani, si mgongoni. Maji ya moto marufuku popote mwilini. Kalunde naye atabandikwa viraka vidogo vya kumwachisha dawa polepole, wiki nane, na katika wiki hizo hataruhusiwa kumgusa mgonjwa kwa mikono mitupu, jasho lao lisichanganyike. Na picha ya beseni na kitambaa itachorwa kwenye kila karatasi ya maelezo itakayochapwa nchini.

"Wiki nane," alisema Kalunde.

"Nane, mama. Pole sana."

Nje jua lilikuwa la saa tisa. Bajaji ziliwasogelea zenyewe, moja ikafungua mlango, ikasubiri, ikaondoka. Mihayo alisema atatembea kidogo. Walitembea, yeye mbele kidogo, mkewe nyuma, wameachana hatua moja wasije wakagusana, mpaka walipofika kwenye duka la mshona viatu, moja katika yale machache ambayo bado yana mtu ndani. Nje yake palikuwa na kiukuta kifupi cha matofali.

Mihayo alisimama.

"Nataka kukaa," alisema.

Katika miaka sita Kalunde hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Siku zote alisema anatazama mandhari, au anangoja kivuli kipite. Alipangusa matofali kwa ncha ya kanga. Mihayo alijishusha kwa hatua tatu, na safari hii hakuuma meno kuzuia sauti. Aliguna, waziwazi, mpaka mshona viatu akachungulia.

Kalunde naye alikaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Magoti yake yalimuuma, pua ilimtiririka. Waliwatazama wapita njia. Aliutazama mgongo ule kutoka upande, kwa mbali, kama alivyokuwa akikitazama kiraka mbele ya taa. Kwa miaka sita aliushika kila siku, na kumbe hakuwahi kuuliza swali lolote isipokuwa moja, nalo aliliuliza kwa namna iliyokuwa na jibu lake ndani.

"Hebu niambie," alisema. "Linaanzia wapi?"

"Nini?"

"Hilo linalouma. Linaanzia wapi, linakwenda wapi? Linachoma au linavuta? Likija linakuja kama nini?"

Mihayo alifikiri. Alinyoosha mkono wake polepole, akaupeleka nyuma ya kiuno, akatafuta mahali, akapapasa.

"Hapa," alisema. "Linaanzia hapa. Lakini kabla halijaanza, kuna ubaridi unakuja kwanza, huku kwenye paja. Ngoja nikueleze vizuri."

Kalunde akageuza uso wake wote kwake, akasikiliza.